Gesi ya Mitungi Ikivuja Hushuka Chini

Ukiusogeza mtungi wa gesi uliokwisha tumika kiasi, utasikia kitu kikicheza ndani. Ni kimiminika: propani, butani au mchanganyiko wa zote mbili, zitokanazo na usafishaji wa mafuta ghafi na uchakataji wa gesi asilia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, butani karibu na sifuri. Kinachozizuia zisichemke humo ndani ni mgandamizo tu. Ukifungua vali mgandamizo unapungua, kimiminika kinachemka, na mvuke wake ndio unaofika jikoni. Kuchemka huko hula joto, ndiyo maana mtungi unaolisha moto mkali kwa muda mrefu hutoka jasho, wakati mwingine hata kuota barafu kwa nje. Wengi hudhani umeharibika. Haujaharibika, ila usithubutu kuupasha joto ili “gesi itoke vizuri”.

Lita moja ya propani ikigeuka mvuke huwa takriban lita 270. Hapo ndipo penye faida na hatari kwa pamoja. Mtungi usilazwe unapotumika, kwa sababu ukilala kinachotoka ni kimiminika chenyewe, na moto utaruka usivyotarajia.

Watu huogopa mtungi kulipuka. Mimi naogopa zaidi mpira uliochakaa na gesi iliyokwisha sambaa chumbani. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, wa butani karibu mara mbili. Gesi asilia, ambayo zaidi ni methani, hupaa. Gesi ya mitungi hutambaa sakafuni, ikaingia mitaroni na vyumba vya chini ya ardhi, ikatulia humo. Tundu la hewa lililo juu ya dirisha peke yake halitoshi; pawe na jingine karibu na sakafu. Hewa ikishachanganyika na gesi hiyo kwa asilimia 2 hivi, cheche ya swichi inatosha kuwasha chumba kizima. Ukisikia harufu, usiwashe taa wala usiizime. Funga vali kama unaifikia salama, fungua milango, toka nje.

Harufu hiyo si ya gesi yenyewe. Hutiwa makusudi, mara nyingi ethanethioli, ili pua ikutahadharishe. Kutafuta panapovuja, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira: mapovu yakifura, hapo ndipo. Kiberiti hakihusiki kabisa.

Nje ya jikoni, gesi hii huendesha magari na foklifti, hukausha nafaka, na isobutani, aina ya butani, huzungushwa ndani ya friji nyingi za kisasa. Bado ni nishati ya kisukuku na hutoa kaboni dioksaidi, lakini moshi na masizi yake ni kidogo mno ukilinganisha na kuni.

Mwali mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zikashika masizi, hewa haitoshi au vitundu vya jiko vimeziba, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, huenda inazalishwa. Hii haina harufu, na ile harufu ya tahadhari huwa imeshaungua pamoja na gesi. Kwa hiyo usilale na hita ya gesi ikiwaka chumbani, hata kama hunusi chochote.