“Bado Sijapata Kitu”: Kauli Inayowamaliza Wachezaji wa Poka ya Dau Dogo

Wiki hii nimeletewa mikono minne (mizunguko ya poka) niikague, na wachezaji watatu wameniambia maneno yale yale: “Kocha, sikupandisha dau kwa sababu nilikuwa bado sijapata kitu.” Nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara naumia kuona pesa ya mtu ikimponyoka.

Tazama mkono mmojawapo. Blaindi (dau la lazima kabla ya karata kugawiwa) ni senti 5 na 10, kila mtu ana dola 10. Kijana ameshika 8 na 9 za shupaza, amefungua kwa senti 30, aliyeweka blaindi kubwa amelipia (ameweka kiasi hicho hicho). Kitita (pesa zote zilizowekwa, pamoja na senti 5 za blaindi ndogo) senti 65. Flopu (karata tatu za kwanza za mezani): 7 ya shupaza, 10 ya kopa, 2 ya shupaza. Mpinzani anaweka senti 30; kijana analipia tu. Karata ya nne ni kingi ya uru. Mpinzani anaweka 80, analipia tena. Ya tano ikashuka 4 ya shupaza, flashi (karata tano za aina moja) ikatimia. Mpinzani akapita bila kuweka dau, kijana akaweka dola 2, mpinzani akatupa karata. “Mbona hawanilipi?” Kwa sababu shupaza tatu zikilala mezani, hata aliyeanza kucheza jana anaziona!

Haya, tuhesabu. Shupaza zilizobaki ni 9. Ongeza karata za 6 na jeki zisizo za shupaza, zinazotimiza streti (karata tano zinazofuatana), nazo ni karata 6. Jumla 15. Mpinzani akiwa na jozi ya 10, kijana ana takriban asilimia 54 ya kushinda pale kwenye flopu. Aliyekuwa nyuma ni mwenye jozi. Karata ya nne isipomsaidia, asilimia 54 inashuka hadi 33. Kijana amenyamaza akiwa mbele, kisha akalipa senti 80 akiwa nyuma.

Pandisha kwenye flopu, hadi dola 1.20. Akitupa, umezoa senti 95 bila hata jozi. Akilipia, kitita kimepita dola 3 na bado karata mbili zinakuja. Akikurudishia kwa kuweka zote, lipia bila kutetemeka.

Ila msije mkasema nimewaambia msukume kila mnachosubiri. Flashi peke yake, bila streti pembeni, ina karata 9: asilimia 35 kwa karata mbili, 19 kwa moja. Dhidi ya mtu ambaye hajawahi kutupa jozi (na meza hizi zimejaa watu hao), kuweka zote kwa asilimia 35 ni kumgawia pesa. Mimi huandika alama pembeni ya jina la kila anayelipia hadi mwisho. Fanyeni hivyo leo, si kesho.

Hapo ndipo hesabu ya “zidisha kwa 4” (karata zinazokufaa mara 4 ndiyo asilimia yako) inapowaponza wengi. Hiyo ni ya pale pesa zote zinapoingia kwenye flopu na utaziona karata mbili bila kulipa tena. Mtu akiweka nusu ya kitita, unahitaji asilimia 25 ili ulipie, na kwa karata moja ijayo flashi ina 19. Pengo hilo lizibwe na pesa utakayolipwa ukipata. Kama amebakiwa na pesa kidogo mno kuliziba, tupa.

Kuna kauli nyingine mbili. “Dau dogo linamvutia mpinzani.” Una jozi mbili, kitita senti 80, unaweka 10. Mwenye kusubiri flashi anahitaji asilimia 10 tu naye ana 19. Umemkaribisha mwenyewe. Anayelipia 20 kwenye meza hizi atalipia na 60, kwa hiyo weka theluthi mbili ya kitita au zaidi.

Na hii ya wanaocheza mtandaoni: “Tovuti imepangwa, flashi za wenzangu huingia kila mara.” Hukosa mara 65 kati ya 100. Zile zinazokosa hutupwa kimya, wala huonyeshwi.