Je, wajua? Fuksia ikinyauka mchana, si lazima iwe na kiu

Fuksia ni lile ua linaloning'inia kichwa chini, mara nyingi jekundu kwa nje na zambarau kwa ndani, nyuzi zake ndefu zimechomoza chini. Uingereza wanalipenda mpaka wana chama chake tangu 1938. Sasa fikiria saa nane mchana, jua linawaka, majani yamelegea na ncha zote zimeinama, unagusa udongo unakuta umelowa chepechepe. Inanyauka kwa nini?

Wengi wanajibu kiu, na hapo ndo wanaua mmea huku wakidhani wanauokoa. Mtu anaona majani yamelala anamwaga maji, jioni mmea unasimama, anasema si unaona, ilikuwa kiu tu. Kumbe ungesimama hata asingemwaga tone, maana jua limeshuka! Ndo maana imani hii haifi, kila jioni inapata shahidi wa uongo. Kunyauka kunakwambia jani limepungukiwa maji, kuhusu udongo hakusemi kitu.

Jani haliko wima kwa ugumu wake, linashikiliwa na msukumo wa maji yaliyojaa kwenye seli. Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana vinavyofunguka kuingiza hewa, na hapohapo mvuke unatoka. Chukulia nyumba ya wapangaji wengi, kisima kimejaa ila bomba linalotoka kisimani ni jembamba, alafu vyumba vyote vinafungua koki kwa wakati mmoja. Chumba cha juu hakipati kitu, na hata ukiongeza maji kisimani bado hakipati. Kisima ndo udongo, bomba ndo mizizi, koki ndo vile vitundu, na saa nane mchana koki nyingi ziko wazi. Dawa ni kupunguza matumizi, yaani hamishia chungu kivulini.

Ukizidi kumwaga, bomba lenyewe linaharibika. Mizizi inapumua, inahitaji oksijeni iliyo kwenye nafasi za udongo, maji yakijaa humo hewa inatoka na mizizi inaanza kuoza. Mizizi iliyooza haivuti maji, mmea unanyauka zaidi, na mwenye bustani anarudi na keni. Chungu cha plastiki nyeusi kikikaa juani ni balaa jingine, mizizi iliyogusana na ukuta wake inapikwa.

Asili nayo inachangia. Spishi ni kama 110, nyingi za milima ya Amerika ya Kati na Kusini, kwenye misitu ya baridi na ukungu. Mfaransa Charles Plumier aliikuta kisiwa cha Hispaniola, huko Karibi, akaiandika 1703, akaipa jina la Leonhart Fuchs, mtabibu Mjerumani aliyefariki 1566, kwa hiyo Fuchs hakuwahi kujua. New Zealand kuna moja ni mti kabisa, unapita mita 10, na chavua yake ni ya bluu.

Basi kabla ya kumwagilia, chomeka kidole au nyanyua chungu usikie uzito. Kikiwa kizito, kivuli kinatosha, subiri jioni. Kunyunyizia majani kunapoza kidogo ila maji yakikauka faida imeisha, usitegemee sana. Ikifika asubuhi bado imelala na udongo umelowa, ichomoe uangalie, mizizi mizima ni myeupe-myeupe na imara, iliyooza ni ya kahawia, laini, inanuka.

Na usikimbilie kulaumu maji kila mara, maana huko Ulaya kuna mdudu aitwaye fukusi ambaye mabuu yake, meupe yenye kichwa cha kahawia, yamejikunja ndani ya udongo yanatafuna mizizi, na dalili juu zinafanana kabisa. Fukusi mzima hutoka usiku kula kingo za majani, ukiona zimetobolewa nusuduara pembeni, mwaga udongo wote uwasake.