Mafuta tete ya mimea dhidi ya wadudu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wakulima wa kilimo hai wanazidi kuyategemea mafuta ya karafuu, mchaichai, mkaratusi na kivumbasi ili kupambana na vidukari, inzi weupe na fukusi wa ghalani. Makosa mengi katika matumizi yake huanzia kwenye kusahau maana ya neno "tete", yaani kitu kinachopaa hewani upesi.

Dhana: Mafuta ya mwarobaini ni mafuta tete.

Sivyo. Mafuta ya mwarobaini hukamuliwa kutoka kwenye kokwa, kama yanavyokamuliwa ya alizeti. Yadondoshe kwenye karatasi, na kesho yake utalikuta doa palepale. Tone la mafuta ya mchaichai kando yake litakuwa limetoweka karibu lote. Hata namna mafuta haya mawili yanavyofanya kazi ni tofauti, kwa kuwa azadiraktini ya mwarobaini humzuia mdudu kula na kujivua ganda ili akue, ilhali mafuta tete mengi huvuruga mishipa yake ya fahamu. Mafuta tete hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye mmea, kisha kuupoza mvuke huo, kama inavyofanyika katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Pemba, ambako hata vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa hutoa mafuta.

Dhana: Ukichemsha majani ya mchaichai umepata dawa ileile.

Harufu inayojaa jikoni sufuria inapochemka ndiyo mafuta yenyewe yakikimbia. Si kwamba maji yanayobaki hayafai kabisa, lakini hesabu haidanganyi: kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban robo hadi nusu kilo tu ya mafuta, na bomba la mgongoni la lita 20, kwa mchanganyiko wa asilimia 1, linahitaji mililita 200. Hayo ni majani ya kilo 40 au zaidi kwa bomba moja. Tena mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe kwa yenyewe. Bila sabuni kidogo ya kuyashikamanisha, yataelea juu, na mmea wa kwanza utapata maji matupu huku wa mwisho ukiunguzwa.

Dhana: Ni ya asili, kwa hiyo hayadhuru.

Hii ndiyo dhana inayoharibu zaidi, nami sioni sababu ya kuistahi. Nikotini ya tumbaku nayo ni ya asili, na ni sumu kali kwa binadamu. Huko Marekani mafuta ya karafuu huuzwa pia kama dawa ya kuua magugu katika kilimo hai: yanaunguza jani lolote yanaloligusa, na jani la mchicha halina kinga ya pekee kwa sababu limepandwa na mwenye nia njema. Kwa hiyo kipimo hujaribiwa kwanza kwenye mimea michache, ikaachwa siku moja au mbili, na upuliziaji hufanywa jioni, si jua la utosini. Yujinoli, kemikali iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hutumiwa kuwalewesha samaki, kwa hiyo bomba lisisuuzwe kwenye bwawa. Kwa binadamu, mafuta yasiyozimuliwa huwasha ngozi na macho, na mtoto mdogo akiyameza hata kiasi kidogo anaweza kudhurika vibaya. Pia usipulizie karibu na nyuki, ingawa hapa suala ni kipimo: wafugaji wa Ulaya huweka thaimoli, inayopatikana kwenye mafuta ya zaatari, ndani ya mzinga wenyewe ili kuua utitiri wa varoa.

Dhana: Nilipulizia mara moja, wadudu wakarudi, basi hayafanyi kazi.

Yalifanya kazi, kisha yakapaa. Shambani nguvu yake huhesabiwa kwa saa au siku chache, hivyo humpata mdudu aliyeguswa wakati ule, si anayewasili wiki ijayo, wala kiwavi wa kantangaze aliyejificha ndani ya jani la nyanya. Utete huohuo hugeuka faida ndani ya chombo kinachofungwa vizuri, ambamo mvuke hubaki na kuwafikia fukusi katikati ya kunde. Gharama yake ni harufu inayoingia kwenye chakula, na kipimo kikizidi, mbegu huweza kukosa kuota.

Dhana: Yakikubalika katika kilimo hai, hayahitaji kusajiliwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, hueleza namna ya kulima. Usajili wa viuatilifu ni jambo jingine. Marekani ilisamehe usajili wa baadhi ya mafuta haya mwaka 1996, ya karafuu yakiwemo, kwa masharti yake. Msamaha huo hauvuki bahari: chupa inayouzwa Tanga kama kiuatilifu iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, hata kama lebo yake imechorwa jani la kijani.