Watoto waliokufa kwenye mti wa ukoo: vile watu wanasema na vile mambo iko kweli

Siku hizi karibu kila famili ya hapa Goma iko na mtu mmoja, mara nyingi ule wa diaspora ao kijana wa iniversite, amefungua kompti kwenye saiti za kuchora ukoo, FamilySearch ao Geni ao MyHeritage, na anauliza kwenye grupu ya WhatsApp ya famili nani alizaa nani, koko alitoka kijiji gani, fulani alikufa mwaka gani. Ni kazi nzuri na mimi naiunga mkono kabisa, ju makaratasi mengi yaliungua ndani ya nyumba wakati lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002, mengine yalibaki njiani watu wakikimbia vita, na wazee wenye kukumbuka wanaisha mmoja mmoja. Lakini ikifika kwenye watoto waliokufa, hapo njo mambo yanaharibika, mama anafungua simu anakuta mtoto wake iko kule wazi mbele ya dunia, na foto, na ugonjwa, na hakuna mtu alimuuliza. Mara nyingi haitoki kwa roho mbaya, inatoka kwa kuamini vitu ambavyo si kweli.

"Alikufa mdogo sana, hakuna haja ya kumwandika."

Iko haja. Chukua famili ya Kinande, na Goma imejaa Wanande. Majina yao yanafuata namna mtoto alivyozaliwa: kijana wa kwanza anaweza kuitwa Paluku, ao Mumbere, ao Nzanzu, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Sasa wewe unachora mti, unaanza na Kambale, unafuata Kasereka, unafikiri umemsaidia mama ju umeruka ule wa kwanza aliyekufa na miezi mitatu. Mnande yeyote akiangalia anaona palepale kuna mtu anakosa. Na Muhindo je? Ule ni mtoto amezaliwa wakati zamu inageuka, wasichana walifuatana kisha akaja kijana, ao wavulana walifuatana kisha akaja msichana. Ukimtoa msichana aliyekufa mbele yake, jina la Muhindo linabaki bila sababu, na wajukuu watafikiri wazee waliita watoto ovyoovyo. Kule Lubumbashi kwa Waluba wa Kasai ni vilevile, ukiandika Mbuyi bila Kabanga kila mtu anajua kulikuwa mapacha. Kwa hiyo kumfuta mtoto hakumfichi, kunaacha tu shimo lenye watu wote wanaona.

Na kuna jambo lingine, famili nyingi zinampa mtoto anayefuata jina la ule aliyekufa. Hii haiko ya Afrika peke yake: Vincent van Gogh, ule mchoraji, alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, na mwaka mmoja kamili mbele, tarehe 30 Machi 1852, mama yake alizaa mtoto aliyekuwa tayari amekufa na alipewa jina hilohilo Vincent. Saiti za ukoo ziko na mashine inatafuta watu wanaofanana na inakuambia huenda hawa wawili ni mtu mmoja, waunganishe. Jina moja, wazazi wamoja, mji mmoja, wewe unabonyeza ndiyo bila kusoma, na kwa ile bonyeza moja mtoto mmoja amepotea kwenye ukoo. Ukiwa na watoto wa namna hiyo, andika wote wawili, kila mmoja na tarehe zake, halafu weka maelezo mafupi kwamba si mtu mmoja, na ile mashine ikikuuliza, jibu kwamba hawafanani, ju usipojibu mwingine atakuja kuwaunganisha nyuma yako.

Kwa mimba zilizotoka na watoto waliozaliwa wamekufa, sitasema uandike ao usiandike. Kuna mama alimpa jina na anataka jina lionekane, kuna mwingine hajawahi kusema hata kwa bwana yake. Yeye njo anajua.

"Mtu akikufa hana siri tena, hata sheria inasema."

Hapa watu wanashika nusu ya ukweli. Ile sheria ya Ulaya ya data za watu, RGPD, yenye kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema yenyewe kwamba haihusu data za marehemu. Basi wale wa diaspora wanaisoma na kusema tuko na ruhusa. Hapana bana. Haimhusu marehemu, lakini mama yake iko mzima, baba iko mzima, na ndugu zake wanaenda masomo na wanatafuta kuoa na kuolewa. Hapa Kongo pia tuko na Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda data za watu, ila hata bila sheria angalia tu kile unaandika kinasema nini juu ya wazima.

Chukua drepano, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kila kartie inaujua. Umeandika kwenye profaili: "alikufa na drépanocytose akiwa na miaka 6". Unafikiri umesema kitu kimoja juu ya mtoto mmoja, kumbe umetangaza damu ya nyumba nzima. Mtoto hawezi kuwa SS, yaani mwenye huo ugonjwa, bila kupokea S moja kwa baba na S moja kwa mama, basi wazazi wote wawili umewataja. Na kama wazazi wote ni AS, yaani kila mmoja anabeba S moja bila kuumwa, kila mimba iko na nafasi 1 kwenye 4 ya kuleta SS, na nafasi 2 kwenye 4 ya kuleta mtoto mwenye kubeba S bila kuumwa. Sasa dada yake iko na miaka 24, famili ya bwana inatafuta jina lake kwenye Google, inakuta ile sentensi moja yako. Ndiyo, wachumba wapime damu mbele ya kuoana, mimi nasema wapime, lakini wapime wao kwa hiari yao pale hospitali, isiwe wewe uliyewapima kwenye intaneti. Ukimwi ni vilevile, mtoto mdogo akiandikwa alikufa nao watu wote wanaangalia mama. Na kuna watoto waliozaliwa kwa mama aliyebakwa wakati wa vita, pale mahali pa baba acha tupu, usieleze kwa nini iko tupu.

Sababu ya kifo ibaki kwenye kaye yako nyumbani. Na kama ni ugonjwa wa damu wa ukoo wenye wajukuu wanapashwa kujua, mzee atawaambia mdomoni.

"Ule hatukumuona tena tangu vita, tuandike tu amekufa."

Hii inaniumiza kuliko zingine zote. Tarehe 22 Mei 2021 usiku Nyiragongo ililipuka, na siku tano nyuma wakaambia sehemu kubwa ya mji ihame, watu walikimbia upande wa Sake, wengine upande wa Gisenyi, watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na wengi walipatikana nyuma. Halafu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita iliingia ndani ya mji wenyewe, watu walizikwa haraka, na mpaka leo kuna wazazi wenye hawajui mtoto iko wapi. Mtoto hajulikani alipo si mtoto aliyekufa. Baba mdogo aliye Canada hana haki ya kumuua kwenye mti wa ukoo ju fomu ya saiti inamuuliza mzima ao marehemu na yeye anataka kumaliza.

Na angalia vile saiti inafanya kazi. Kwenye FamilySearch mtu uliyemwandika kama mzima anabaki kwenye sehemu yako ya faragha, watu wa nje hawamuoni. Ukibadilisha ukaandika marehemu, palepale profaili inafunguka kwa watu wote. Yaani kwa kubonyeza mara moja umefanya vitu viwili, umetangaza kifo chenye hakijulikani, na umetoa jina la mtoto na yote uliyoandika juu yake. Hata wao wenyewe FamilySearch wanamhesabu mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita kama anaweza kuwa mzima kama hakuna alama ya kifo chake. Basi mwache awe mzima. Na famili kama haijaenda, iende kwa CICR, ile komite ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ao kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo, kutafuta watu waliopotezana na famili zao ni kazi yao kabisa na hawaombi hata franga.

Kwa wale ambao kifo chao kinajulikana na waliuawa na watu, kuna wenye kusema lazima kuandika kila kitu ili dunia ijue. Naelewa hasira hiyo, iko na haki yake. Lakini ushuhuda uko na mahali pake, kwa avoka, kwa mashirika ya haki za binadamu yenye kujua kuficha jina la shahidi. Profaili ya ukoo inaweza kuonyesha jina la baba, la mama, la ndugu na kartie wanayokaa, na wale waliofanya kitendo wanaweza kuwa bado wanapita kwenye avenue ileile.

"Mimi njo nilimtengeneza, profaili ni yangu."

Inategemea saiti, na hii watu wengi hawajui mbele ya kuanza. FamilySearch ni mti mmoja wa dunia nzima, profaili ya marehemu haina mwenyewe, mtu yeyote mwenye kompti anaweza kuibadilisha. WikiTree pia ni mti mmoja ila iko na ngazi za faragha, mtoto aliyekufa juzijuzi unaweza kumfungia, maelezo yake yaonekane kwa famili tu, mpaka itimie miaka 100 tangu afe ao 150 tangu azaliwe, pale inafunguka kwa lazima. MyHeritage ni mti wako mwenyewe, wewe unapanga nani anaona. Find a Grave, ile ya makaburi, inakubali ndugu wa karibu, mpaka vizazi vinne, aombe apewe usimamizi wa ukurasa uliotengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo kama famili yako iko na vidonda vibichi, usianze kwenye mti wa dunia nzima. Na hata pale saiti inakuita msimamizi, mama wa mtoto iko mbele yako. Akisema toa, unatoa siku hiyohiyo, hakuna kumwambia atume preve.

Juu ya foto sitasema mengi. Foto ya mtoto ndani ya sanduku, watu wa kilio walipiga na ilizunguka WhatsApp, haifai kuwa foto ya profaili hata kama njo peke yake mko nayo, afadhali pabaki tupu. Foto ya kaburi, muulize mama kwanza, na usiweke GPS ya makaburi ya Makao ao ya ITIG kama hawajakubali.

"Ukimweka FamilySearch, wale Wamormoni watambatiza."

Nimesikia hii kwa Wakatoliki na kwa Wapentekote wa CEPAC, na inafanya watu wengine wamkataze kabisa mtoto kuandikwa. Ni kweli FamilySearch ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na ni kweli wanabatiza watu kwa niaba ya marehemu. Lakini mafundisho yao wenyewe yanasema mtoto aliyekufa mbele ya miaka 8 hahitaji ubatizo, kwa yeye wanafanya tu ibada ya kumuunganisha na wazazi wake. Na kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, kanuni yao inaomba ruhusa ya ndugu wa karibu aliye mzima. Kama hata hiyo hamuitaki, iko haki yenu, tumieni saiti nyingine.

"Kama kuna shida nitafuta."

Hautafuta yote. Mtu alishachukua kopi kwenye mti wake, mwingine alipiga kapture, Google ilishasoma. Njo maana unauliza mbele, na unauliza kwa simu ao unaenda nyumbani, si kwenye grupu yenye watu 80. Kitu kama hiki kinatosha: "Jambo mama mkubwa, habari za nyumbani. Naandika ukoo wetu ili watoto wasipoteze. Naomba ruhusa juu ya Paluku wetu wa kwanza. Unapenda aandikwe? Na kama ndiyo, jina tu na mwaka, ao kuna kitu kingine unapenda kionekane? Ukisema hapana, nitaacha." Halafu ngoja. Kama kilio hakijaisha usitume hata hiyo. Asipojibu, hiyo ni hapana, usimsumbue mara ya pili, anaweza kujibu mwaka ujao.

Na kama umekuta mtoto wako tayari iko kule, andikia kwanza aliyemweka, kwa upole, mwambie wewe ni nani kwa ule mtoto na unataka nini kitoke: foto, sababu ya kifo, ao profaili yote. Piga kapture na utunze lien ya ukurasa. Akikataa ao akinyamaza, tuma vyote kwa sapoti ya ile saiti, unaweza kuwaandikia kwa Kifaransa, kisha tafuta kwenye zile saiti zingine kama hakuna kopi, ju mara nyingi inakuwa.