Ni zamani ipi ya kumwuliza mzee?

Huzuni ninayokutana nayo mara nyingi katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwenye makao ya wazee hapa Dar es Salaam haina kelele. Mzee anakula, anaoga, anarudi kitandani, na kutwa nzima hakuna aliyemwuliza jambo analolijua yeye kuliko sisi. Ndiyo maana nayapigania mazungumzo ya kumbukumbu, yaani kumwalika mzee asimulie aliyoyaishi. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika kwamba mzee kuyarudia maisha yake ni jambo la kawaida uzeeni.

Lakini ni zamani ipi? Watu wengi hukumbuka zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30. Kwa aliyezaliwa 1945, hiyo ni 1955 hadi 1975: Uhuru, Azimio la Arusha, mabasi ya kampuni ya DMT mitaani Dar es Salaam, kiwanda cha nguo cha Urafiki kuanza, klabu ya Simba ikiitwa bado Sunderland. Ukimletea habari za miaka ya 1990, huenda akakuitikia kwa adabu tu.

Naanza na kitu cha kushika: kibatari, khanga iliyochakaa, pasi ya mkaa. Halafu nauliza namna, siulizi mwaka. "Bibi, pasi hii mlikuwa mnafanyaje majivu yasidondokee shati jeupe?" Mikono huanza kuonyesha kabla mdomo haujasema. Ukiuliza "unakumbuka ilikuwa lini?" umempa mtihani, na aliyesahau anaaibika mbele ya wenzake. Akichanganya Ilala na Magomeni, simsahihishi.

Yapo machungu pia. Ukigusa habari za watoto, unaweza kugusa aliowazika. Simkatizi wala simtafutii furaha ya haraka, nakaa naye. Ila akikataa chakula, akikosa usingizi au akisema hana haja ya kuishi, aonwe na daktari upesi.

Tusiahidi miujiza. Mapitio ya tafiti 22 za mazungumzo haya kwa wenye ugonjwa wa kusahau, yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikuta faida ndogo na zisizolingana, ingawa ubora wa maisha ulionekana kupata nafuu zaidi kwa wanaoishi kwenye makao.

Wahudumu nawaomba daftari moja kwa kila mzee: alifanya kazi gani, alishabikia timu gani, anapenda kuitwa nani, na habari zipi asiulizwe. Likae mahali ambapo hata wa zamu ya usiku atalisoma.