Wingu Si Debe

Nimeulizwa tena, safari hii kwenye kijiwe cha kahawa pale Mikindani, na mzee aliyekuwa ameanika korosho zake akaona wingu zito limesimama upande wa Naliendele: "Mwanangu, wewe mtu wa hali ya hewa, lile limeshajaa, litapasuka saa ngapi?" Kwa heshima ya mvi zake nilijibu kwa upole. Hapa nitajibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa imani hiyo nimeikuta hata kwa waliosoma: jua huvuta mvuke baharini, mvuke hujaza wingu kama debe, na debe likifurika mvua humwagika.

Wingu si mvuke. Mvuke hauonekani. Tazama birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake hapaonekani kitu, na huo ndio mvuke, weupe unaotokea mbele kidogo ni mvuke uliokwisha kurudi kuwa vitone vya maji. Wingu ni weupe huo, basi. Likiwa jeusi, ni kwa sababu ni nene na mwanga wa jua haupenyi hadi kwetu.

Linaloniudhi zaidi ni jibu la wale wanaojiona wamekwisha kuelewa, kwamba mvuke hupoa kwa kuwa umefika "kwenye baridi". Hapana. Hewa inayopanda hupoa kwa sababu inatanuka. Kadiri inavyopanda, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa inayoizunguka, hupungua, nayo hutanuka. Kutanuka ni kazi ya kuisukuma hewa ya jirani, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuigharimia kazi hiyo, hewa hulipa kwa joto lake yenyewe. Fundi baiskeli anaijua habari hii kwa mikono yake: pampu hupata moto anapoishindilia hewa, na upepo unaofoka kwenye valvu ni wa baridi. Kabla wingu halijaanza, hewa hupoteza takriban nyuzijoto 10 kwa kila kilomita inayopanda, hata kama haijagusa chochote cha baridi njiani. Tuseme adhuhuri ya Desemba hewa ya Mtwara ina nyuzijoto 31 na kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka vitone, ni 25, nacho hushuka kidogo kadiri hewa inavyopanda. Wingu litaanza kwenye mita 750 hivi. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, iko kwenye kimo kisichopishana sana na hicho, na ndiyo maana upepo wa baharini ukisukumwa kuupanda ukingo ule, mtu wa Newala hujikuta anatembea ndani ya kitu ambacho sisi wa pwani tunakiita wingu na yeye anakiita ukungu.

Mvuke huhitaji pia pa kushika, yaani chembe za chumvi, vumbi au moshi, tusikae hapo.

Turudi kwenye debe. Kitone cha wingu kina upana wa kama milimita 0.02 na huanguka sentimita moja hivi kwa sekunde, kwa hiyo hewa inayopanda hukibeba bila taabu. Tone la mvua la milimita 2 ni vitone kama milioni moja vilivyoungana. Katika mawingu yetu yasiyofika kilomita 5, ambako barafu huanza, vitone vikubwa huanguka upesi na kuvidaka vidogo. Lakini vinavyolingana huanguka kwa mwendo mmoja na havigongani kwa urahisi, ilhali wingu huweza kunyesha nusu saa tu baada ya kuzaliwa. Ni nini kinachoanzisha mgongano, chembe kubwa za chumvi au msukosuko wa hewa? Wataalamu wanabishana hadi leo, na vitabu vyetu hupita hapo mbiombio. Mimi naegemea chumvi, labda kwa kuwa nimezaliwa pwani.

Nilimweleza mzee kwamba wingu lisipolishwa hewa yenye unyevu kutoka chini hutoweka bila kudondosha hata tone. Akaniuliza kama aanue au asianue. Nikamwambia aanue. Wingu lilitoweka kabla ya alasiri, na kesho yake, wakati korosho zinaanikwa upya, mimi nilikunywa kahawa kwenye kijiwe kingine.