Kiwanja Kisichojengwa Nacho Kinachelewesha Makao Makuu

Tangu 1973, ulipopitishwa uamuzi wa kuhamia Dodoma, wananchi wengi wamezoea kuiona kazi hii kuwa ya Serikali peke yake. Wizara sasa ziko Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, sheria ya 2018 imekwishaitangaza Dodoma kuwa makao makuu, treni ya umeme inafika. Bado mtu anakuja ofisini kwetu, kwenye mambo ya ardhi, kuniuliza, "Hivi kweli hawatarudi Dar?" Swali hilo, kwa heshima zote, limepitwa na wakati.

Juzi nilikagua kiwanja cha makazi. Bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, imemezwa na vichaka, nyingine imeng'olewa, katikati kuna lori moja la mawe yaliyokwishaota majani. Mwenyewe yuko mkoa mwingine, anangoja bei ipande. Barabara imechongwa na bomba la maji limepita mbele yake, vyote kwa ajili ya nyumba mbili.

Hati ya kumiliki kiwanja ina masharti, nayo yamo ndani ya hati yenyewe, yasome. Kwa kawaida uendelezaji unatakiwa ukamilike ndani ya miezi 36. Ukikiuka, unaandikiwa ilani ya kujieleza. Maelezo yasiporidhisha, shauri linapelekwa kwa Kamishna wa Ardhi, na hatimaye kwa Rais, mwenye mamlaka ya kufuta miliki. Ilani ya ubatilisho ni ya siku 90. Kama umeuguliwa au umekwama kifedha, andika. Maelezo huzingatiwa kwa mujibu wa sheria. Anayenyamaza hatuna la kumsaidia.

Na kibali cha ujenzi hutangulia msingi. Kulipia kiwanja si kupata kibali, hili tumelisema mno.

Wenyeji nawaelewa zaidi. Wanaikumbuka CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na hati zake za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa 2017, majukumu yakaenda halmashauri, na hati sasa hufika miaka 99. Lakini mchoro wa mipangomiji ukiletwa mtaani, njooni kwenye mkutano. Mmoja niliousimamia ulikuwa na watu kumi na wanne tu. Tulipoanza kuzika bikoni ndipo mtaa mzima ukatoka kulalamika. Kati ya wale kumi na wanne, mzee mmoja alitupeleka kwa miguu hadi kwenye korongo linalojaa mvua zikinyesha, mahali tulipokuwa tumechora viwanja sita. Tuliviondoa jioni ileile, kabla ya mpimaji kufika.